Serikali haijatoa kitu

Swali: Mwalimu, serikali na dola ni kitu kimoja? Na ni kweli kwamba "serikali" maana yake ni "siri kali"? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Nianze na la pili, maana limenichosha. Hapo hakuna siri wala ukali. Neno lina asili ya Kiajemi, sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi. "Siri kali" waachie wachekeshaji.

Dola ni Kiarabu, na halina undugu na noti ya Marekani. Tofauti yenyewe wasemaji wanaijua bila kufundishwa: tunasema "serikali ya awamu ya sita", lakini nani amewahi kusikia dola ya awamu ya sita? Dola haina awamu. Nchi na mipaka yake, Bunge, mahakama, jeshi, polisi, vyote vimo ndani ya dola. Serikali ni wale waliokabidhiwa kuiendesha kwa sasa.

Waliokabidhiwa, nimesema. Ndiyo maana "Serikali imetoa fedha" hunipandisha presha kila taarifa ya habari inapoanza. Serikali imetoa fedha za madarasa, imetoa fedha za zahanati, imetoa fedha za matundu ya vyoo, kisha anasimamishwa mzee wa kijiji aishukuru "kwa kutuona". Kutoa! Mtu hutoa sadaka, hutoa mahari, hutoa kilicho chake. Hizi zimekatwa kwenye sukari, sabuni na vocha ya simu ya huyohuyo mzee, zikaingia Hazina, Bunge likazipitisha. Keshia wa benki akikuhesabia akiba yako dirishani, unampigia vigelegele? Tena siku hizi hata serikali imeachwa nyuma. Anayetoa ni mheshimiwa kwa jina lake, kana kwamba aliuza ng'ombe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na Serikali hupata mamlaka yake kwao. Anayepewa ndiye amegeuka mtoaji.

Najua nitajibiwa kwamba "kutoa fedha" ni sawa na kuzitoa benki. Sawa, sarufi inaruhusu. Lakini ukitoa fedha benki hushukuriwi.

Maafisa habari nimeshawakatia tamaa. Wewe, msomaji wangu, andika zimetengwa, zimeidhinishwa, zimetumika. "Serikali imetoa tamko" ni ruksa. Tamko ni mali yake kweli.