Ping isipofika sabneti ya pili, uliza kwanza nani amejibu ARP

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mitandao, kuna kitu kinaitwa proksi ARP, yaani ruta kujibu ARP kwa niaba ya mashine nyingine (ARP ni lile swali mashine inalopiga mtandaoni kutafuta MAC, anwani ya kadi ya mtandao, ya mwenye IP fulani), darasani nilitajiwa kwa sentensi moja tu tukapita, kazini kikanitesa siku mbili nzima na watu wamesimama nyuma ya kiti changu wanauliza mtandao unarudi lini. Nawaandikia ili nyie kiwachukue dakika kumi.

Ilikuwa hivi. Tulibadilisha ruta ya zamani usiku, tukaweka mpya, setingi nilihamisha mwenyewe mstari kwa mstari, IP zile zile, VLAN zile zile, njia zile zile, nikaping huku na huku vikaenda nikarudi kulala. Asubuhi simu hazikatiki. Kompyuta mbili ziko meza moja, swichi moja, moja inafika kwenye seva na ya pili haifiki. Hiyo isiyofika ilikuwa 192.168.10.57 na seva ilikuwa 192.168.20.5. Sasa angalia kilichonichanganya, ile mbovu inaping getiwei (ruta ya kutokea nje ya sabneti) vizuri, inaping majirani zake, na intaneti inafungua bila shida, ila sabneti ya pili, kile kipande kingine cha mtandao cha .20, ndo haiioni kabisa. Mi nikaenda moja kwa moja kwenye faiawoli, nikashinda humo siku nzima nafungua sheria moja baada ya nyingine, halafu nikabadilisha waya, nikabadilisha poti ya swichi, hamna kitu.

Siku ya pili ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya dakika ya kwanza, nikakaa kwenye ile mashine yenyewe nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, nikaping seva. Ikawa inatoka hii tu, inajirudia kila sekunde:

ARP, Request who-has 192.168.20.5 tell 192.168.10.57, length 28

Soma huo mstari taratibu maana jibu lote limo humo. Mashine ya .10 inauliza MAC ya mashine ya .20. Kwa nini iulize? Kama inajua kwamba .20 iko sabneti nyingine ilitakiwa iulize MAC ya getiwei, impe pakiti yeye apeleke mbele. Ikimuuliza mlengwa mwenyewe maana yake inaamini wako nao chumba kimoja. Nikafungua setingi za IP nikaangalia maski, ile namba inayosema sabneti yako inaishia wapi, 255.255.0.0, yaani kwake 192.168 yote ni sabneti moja. Jirani yake inayofanya kazi, 255.255.255.0. Mtu aliwahi kuingiza kwa mkono miaka hiyo akakosea, na haikuwa mashine moja, zilikuwa nyingi.

Na ndo maana intaneti ilikuwa inaenda, anwani za nje haziingii kwenye 192.168 kwa hiyo hizo mashine ilikuwa inazipeleka kwa getiwei kama kawaida. Hii dalili ishikeni sana: nje inaenda, jirani wa sabneti ya pili haendi, angalia maski kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Swali likabaki, mbona miaka yote ilikuwa inafanya kazi? Kwa sababu ruta ya zamani ilikuwa imewashwa proksi ARP. Ile mashine ikipiga kelele "nani ana 192.168.20.5", seva haisikii kwa sababu brodikasti haivuki ruta, lakini ruta inasikia, inajua njia ya kwenda .20, basi inajibu "ni mimi" na inatoa MAC yake yenyewe. Mashine inaridhika, inatuma pakiti kwa ruta ikidhani inaongea na seva, ruta inapeleka. Kila mtu ana furaha na kosa limefunikwa. Ruta mpya kwenye intafesi ile ilikuwa imezimwa hicho kitu, na mimi nilipokuwa nahamisha setingi za ile ya zamani sikukiona kwa sababu kwenye ruta nyingi za Cisco proksi ARP inakuwa imewashwa yenyewe toka mwanzo, hakuna mstari unaoisema, mstari unaonekana ukiizima tu, no ip proxy-arp. Ukitaka kujua hali yake piga show ip interface usome humo.

Msiichukie bure lakini, ilikuwa na sababu yake. ARP yenyewe iliandikwa 1982 kwenye RFC 826, dhana ya kugawa mtandao kwenye sabneti ikaja baadaye, kukawa na mashine ambazo hazijui kabisa sabneti ni nini, kwa hiyo 1987 ikatoka RFC 1027 inayoeleza jinsi ruta inavyoweza kujibu kwa niaba ili zile mashine za zamani ziendelee kuishi bila kuguswa. Kwa wakati wake lilikuwa suluhisho zuri. Shida ni kwamba leo mashine zote zinajua sabneti, na hicho kitu bado kiko pale kinaficha makosa yetu.

Sasa kazi yenyewe ya kutafuta tatizo. Mi siku hizi swali langu la kwanza ni moja tu, nani amejibu? Sio ping imeenda au haijaenda, nani amejibu ARP. Fungua jedwali la ARP kwenye mashine yenye shida, Linux ni ip neigh, Windows ni arp -a, uangalie MAC. Ukikuta hivi:

192.168.10.1 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:01
192.168.20.5 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:01
192.168.20.9 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:01

IP tatu MAC moja, na hiyo MAC ni ya getiwei, basi hapo kuna proksi ARP inafanya kazi na maski ya mashine hiyo ni pana kuliko inavyotakiwa. Ila ukikuta IP nyingi zina MAC moja na hiyo MAC SIO ya ruta yoyote unayoijua, simama hapo hapo, huenda kuna mtu anajifanya getiwei ili apitishe mawasiliano ya watu kwake, hilo ni suala la usalama, mwite anayehusika kabla hujafuta chochote.

Ukikuta FAILED au INCOMPLETE maana yake hakuna aliyejibu. Na hata ping yenyewe inakwambia ukiisoma vizuri, ikisema Destination host unreachable na anwani inayotoa hilo jibu ni ya mashine yako mwenyewe, ARP ndo imekufa. Ikisema Request timed out, mara nyingi ARP ilijibiwa, pakiti ikaondoka, ikapotelea mbele au jibu likapotea njiani. Ni sehemu mbili tofauti kabisa, nimeona watu wanazichanganya wanazunguka wiki nzima.

Haya, tuseme kweli unaihitaji proksi ARP na haijibu. Kwenye Linux watu wanaandika net.ipv4.conf.eth0.proxy_arp=1 wanakaa kusubiri muujiza. Haitoshi. Lazima ip_forward, setingi ya kuruhusu mashine kupitisha pakiti za wengine, nayo iwe 1, la sivyo haijibu kwa niaba ya mtu. Lazima iwe na njia ya kumfikia anayeulizwa, na njia hiyo itokee intafesi NYINGINE, sio ile ile swali lilikoingilia, kwa sababu kama anayeulizwa yuko upande ule ule wa muulizaji basi ajibu mwenyewe. Hapa kwenye njia ndo kuna mtego ambao uliniumiza mara nyingine, njia ya jumla (default route) ya 0.0.0.0/0 nayo inahesabika. Kwa hiyo ruta itajibu hata kwa anwani ambayo haipo duniani, alimradi inaangukia kwenye njia ya jumla inayotokea upande wa pili. Unakosea tarakimu moja ya IP, arping (ping inayotumia ARP) inajibiwa vizuri kabisa, we unaamini seva iko hewani ila inakataa ping, kumbe hakuna seva.

Na ukitumia arping angalia kama MAC zinazojibu ni mbili. Zikiwa mbili kuna wawili wanagombania anwani moja, na atakayesikika ni bahati. Linux ikijibu kwa niaba inachelewa kidogo kwa makusudi, hadi sekunde 0.8 kwa setingi ya kawaida, hivyo ping ya kwanza ikiwa nzito na zinazofuata nyepesi usishangae.

Jingine ni kashe, ile kumbukumbu ya majibu ya ARP, hili naombeni mlisikie kweli. Linux inaanza kutilia shaka rekodi ya ARP baada ya makumi ya sekunde tu, lakini ruta ya Cisco kwa kawaida inaishika masaa manne. Unarekebisha kitu, unajaribu, bado haiendi, unakirudisha kilivyokuwa, kumbe ulikuwa umepatia ila upande wa pili bado una MAC ya zamani. Kila ukibadilisha kitu futa kashe pande zote halafu ndo ujaribu, ip neigh flush dev eth0, Windows arp -d *, kwenye ruta clear arp.

Msisahau safari ya kurudi. Mara nyingi upande wa kwenda umeshapona, kumbe seva nayo ina maski pana na yenyewe inamtafuta muulizaji kwa ARP badala ya kupitia getiwei. Weka tcpdump kwenye intafesi zote mbili za ruta uone pakiti imeingia wapi na imetoka wapi.

Kuna dalili nyingine inakuja imevaa nguo tofauti kabisa. Mashine inawashwa, inapewa IP, halafu inasema anwani inatumiwa na mwingine, inaishia kujipa 169.254 ya kwake. Mashine kabla haijaanza kutumia IP inauliza kwa ARP kama kuna mtu anayo, na kama kuna ruta au faiawoli yenye proksi ARP iliyokaa vibaya inajibu "ninayo mimi", basi mashine inaogopa inaiacha. Mtu atakwambia DHCP, ile huduma inayogawa IP, ni mbovu. Angalia MAC iliyojibu.

Na wale mnaoandika njia ya jumla kwa jina la intafesi bila kuweka anwani ya ruta inayofuata, acheni kabisa kwenye Ethernet. Ruta yako inaanza kuuliza MAC ya kila anwani ya intaneti moja moja, inaishi kwa hisani ya proksi ARP ya ruta ya mbele, siku wakiizima unakatika na kwako hujagusa kitu.

Mi sipendi iwashwe intafesi nzima. Sehemu ninayoikubali ni pale watu wa VPN wanapopewa IP za ndani ya sabneti ya ofisi, hapo lazima seva ya VPN ijibu kwa niaba yao, lakini hata hapo weka anwani moja moja, ip neigh add proxy 192.168.10.200 dev eth0, ili ijibu hiyo tu.

Kwenye ile kesi yangu niliiwasha kwenye ruta mpya watu wakarudi kazini ndani ya dakika chache, halafu sikuiacha hivyo. Niliweka hii upande wa .10:

tcpdump -l -n -e -i eth0 arp | grep 'who-has 192.168.20'

Kila aliyetokea humo ana maski mbovu, kwa sababu mwenye maski sahihi hana sababu ya kumuuliza mtu wa .20. Nikawa naandika MAC, naitafuta kwenye swichi iko poti gani, naenda kurekebisha. Siku tatu za kwanza zilitoka nyingi, baadaye moja moja, ya mwisho ikajitokeza siku ya tisa, printa moja inayotuma skani kwenye seva mara chache sana. Nikabadilisha maski yake, nikaacha tcpdump iendelee wiki nyingine nzima, haikutoka hata mstari mmoja, ndo nikaizima.