Maswali yenu kuhusu theluji: jaketi, barabara na giza la saa kumi

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa watu wenye mtoto, ndugu au mume anayeishi kwenye theluji, au anayeelekea huko. Niliishi Minnesota, Marekani, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kabla sijarudi Nakuru. Mengi ninayoyajua kuhusu majira ya baridi nilisimuliwa na wazee wale nikiwavisha soksi asubuhi.

Mwanangu anakwenda Minneapolis, jiji la Minnesota, mwezi wa Januari. Nimemnunulia jaketi zito soko la Kibuye. Litamtosha? (Mama, Kisumu)

Mama, jaketi la Kibuye usilidharau. Mitumba mingi hutoka kwenye nchi hizo hizo za baridi, kwa hiyo jaketi la kweli unaweza kulipata pale. Likague: liwe halipitishi maji wala upepo, lifunike makalio, liwe na kofia, na zipu yake ifunikwe na kitambaa ili upepo usipenye.

Lakini jaketi moja zito halishindi nguo tatu zilizopangwa vizuri. Ndani avae fulana inayobana mwili, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho kisha hukaa na maji yale mgongoni. Juu yake sweta la sufi, halafu ndipo jaketi. Pesa za viatu mwache nazo akanunue huko. Gambuti zetu mpira wake hukakamaa na mguu huganda ndani. Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi nene zienee bila kubana. Glavu zinazokusanya vidole vinne mahali pamoja hupasha joto kuliko zile za vidole mbalimbali. Masikio yafunikwe kila atokapo.

Haya si anasa, mama. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, hata huduma ya posta ikaacha kusambaza barua siku hiyo. Baridi ya namna hiyo, pamoja na upepo, hugandisha ngozi iliyo wazi ndani ya dakika chache. Akiona kidole kimekuwa cheupe na hakina hisia, aingie ndani akitie kwenye maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Asikisugue. Asikiweke karibu na moto pia, maana kidole kilichokufa ganzi huungua na mwenyewe asijue.

Mwaka 2008 tuliambiwa theluji imeanguka karibu na Nyahururu. Ilikuwa theluji kweli? (Mkulima, Molo)

Ilikuwa mvua ya mawe, mzee wangu. Ilinyesha kule Busara mwezi wa Septemba, mawe yakashikana mpaka mteremko mzima ukawa mweupe. Mawe hayo huzaliwa ndani ya wingu refu la radi, ambamo matone hurushwa juu na kuganda tabaka kwa tabaka. Theluji ni chembe nyepesi za barafu, na ili zifike chini zikiwa nzima, hewa lazima iwe ya baridi njia yote. Kwetu zinasalimika kule juu kabisa Mlima Kenya. Wewe wa Molo unaijua baridi nyingine: ile jalidi ya alfajiri inayounguza majani ya viazi yakaamka meusi.

Dada yangu anatunza wazee huko Minnesota. Anasema hata dhoruba ya theluji ikitangazwa lazima aende shifti. Mimi na mama hatulali. Tumwambie nini? (Kaka, Kakamega)

Kaka, swali lako limenikaa moyoni kuliko yote. Wengi wetu tuliokwenda kule tulilelewa kutokosa kazi. Nyumbani kuna karo, kuna matanga, kuna bati za kumalizia nyumba. Basi mtu huona theluji inashuka na bado huwasha gari. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo ningetaka mlizungumze naye mapema, kabla dhoruba haijatangazwa.

Wazee niliowatunza walikuwa wakikumbushana dhoruba ya tarehe 11 Novemba 1940. Asubuhi ile kulikuwa na joto lisilo la kawaida, na wawindaji wa bata wakaingia kwenye visiwa vya mto Mississippi wakiwa na nguo nyepesi. Hali ikageuka siku hiyo hiyo. Katika Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji. Mzee mmoja alinieleza jinsi baba yake alivyofunga kamba kutoka mlango wa jikoni hadi zizini. Dhoruba ikija, alikwenda kukama akiishika kamba ile mkono mmoja, na ndoo ya maziwa mkono wa pili. Ng'ombe walikuwa hatua chache tu, lakini theluji ikipeperushwa na upepo humwoni aliye mbele yako, na watu wamekufa uani kwao wenyewe wakiutafuta mlango. Mzee huyo aliifunga ile kamba hewani kwa vidole vyake vilivyopinda, fundo baada ya fundo, ili nione ilivyokuwa.

Sasa dada yako afanye nini? Dhoruba hutabiriwa siku kadhaa kabla. Aende kazini mapema, kabla haijaanza, akiwa na begi la nguo, mswaki na dawa zake, alale huko huko. Nyumba nyingi za wazee huruhusu wafanyakazi kulala, kwa sababu wazee hawawezi kuachwa peke yao. Amwulize msimamizi wake sasa hivi utaratibu ukoje. Na serikali ya eneo ikishatangaza kwamba watu wasitoke barabarani, abaki alipo. Krismasi ya 2022 huko Buffalo, jimbo la New York, dhoruba iliua zaidi ya watu 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine nje wakijaribu kutembea. Kazi hupatikana nyingine, kaka. Mwambie hivyo kwa maneno yenu ya nyumbani, na mama naye amwambie, ili ajue hakuna anayemlaumu kwa shifti moja.

Akinaswa njiani, asishuke akaanza kutembea. Gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu, na hukinga upepo. Kabla ya kuwasha injini ahakikishe theluji haijaziba ekzosi, na arudie kuikagua. Mwezi wa Februari 1978 zaidi ya magari 3,000 yalikwama kwenye barabara nambari 128 nje ya Boston, na baadhi ya waliofia mle waliuawa na moshi wa magari yao wenyewe. Injini aiwashe dakika kumi hivi kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo liwe wazi kidogo, halafu azime. Tangi lisishuke chini ya nusu msimu wote. Kwenye buti la gari kukae blanketi, beleshi dogo, tochi, chakula kikavu, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu yakiteleza.

Stima ikipotea huko, kwani mtu hawezi kuwasha jiko la makaa ndani? (Msomaji, Bomet)

Hapana, kamwe. Unajua habari za familia zilizolala na jiko hapa kwetu zikakosa kuamka. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, kwa hiyo hatari ni kubwa zaidi. Februari 2021 baridi ilipokata umeme Texas, watu walikufa kwa moshi wa majiko ya makaa na wa magari yaliyowashwa ndani ya gereji. Wakusanyike chumba kimoja, wafunge milango, waweke mablanketi dirishani na wavae nguo zote walizo nazo. Wakishindwa, waombe kwa jirani.

Nitatembeaje kwenye barafu bila kuanguka? (Mwanafunzi, Kisii)

Tembea kama bata: hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko. Chumvi inayomwagwa njiani huyeyusha barafu mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo haifanyi kazi tena, utegemee mchanga. Jihadhari zaidi na lami inayong'aa kana kwamba imeloa tu, kwa sababu mara nyingi ile ni barafu nyembamba.

Mimi nimezaliwa kwenye joto. Mkenya anaweza kuizoea theluji kweli? (Kijana, Eldoret)

Ndugu yangu, wewe wa Eldoret ndiwe unayeuliza? Philip Boit alitoka huko kwenu. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amefika dakika 20 kabla yake, lakini alimngoja kwenye mstari na kumkumbatia. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Mimi huyo namheshimu sana. Mwaka wa kwanza utateseka, nakwambia ukweli. Kufikia wa pili utajua kuvaa na kutembea, na utagundua siku ya jua na theluji mpya ni nzuri mno.

Mume wangu yuko Duluth, huko huko Minnesota. Tangu Novemba amenyamaza, nikipiga simu anasema amechoka, analala sana. Nahofia ananificha kitu. (Mke, Maseno)

Dada, inawezekana kuna jambo, na hilo utamwuliza mwenyewe. Lakini kabla hujahukumu, jua anaishi kwenye giza. Wewe wa Maseno unakaa juu ya ikweta, jua lako halibadiliki mwaka mzima. Duluth mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa kumi na nusu jioni. Mwenye kazi ya mchana ndani ya jengo anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Giza hilo huwaletea watu huzuni ya kweli, ya kutibiwa, hata wenyeji waliozaliwa huko. Asione aibu kumweleza daktari, na amwombe apimwe vitamini D.

Wewe unaweza kumsaidia ukiwa hapo hapo. Msimu wa baridi yeye yuko nyuma yako kwa saa tisa. Siku zake za mapumziko mpigie saa tatu usiku ukishalaza watoto, kwake itakuwa saa sita mchana. Mwambie avae atoke, azungumze nawe akitembea nje kwenye mwanga. Usianze na habari za karo.