Ukitaka kusoma siasa, anzia kwenye mkutano wa kijiji

Vijana wengi huniuliza waanzie wapi kusoma siasa za Tanzania. Wengi wao wameshaanzia kwenye vyama: nani kahama, nani kamjibu nani. Mimi pia nilianzia huko. Nikawajua wakubwa kwa majina, lakini kazi ya viti walivyokalia sikuijua.

Kilichonifungua macho ni mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe. Mwenyekiti alitangaza kwamba halmashauri ya kijiji imeshamgawia mgeni mmoja kipande cha malisho. Watu wakaguna. Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa upole: "Mwenyekiti, sisi mkutano mkuu tuliidhinisha lini?" Mtendaji wa kijiji akafungua daftari la mihtasari, akapekua kurasa, akanyamaza. Kikao cha kuidhinisha hakikuwahi kufanyika. Ugawaji ukasimamishwa papo hapo.

Baadaye nilimfuata yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza amejuaje. Akanieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha, na mkutano mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. "Mwenyekiti tunamchagua sisi, mwanangu. Mtendaji ni mwajiriwa. Usipowatofautisha, utamlalamikia asiyehusika."

Tangu siku hiyo, kila habari ya siasa naisoma kwa maswali matatu: nani ana mamlaka ya kuamua jambo hili, kayapata wapi, na nani anaweza kumzuia? Nakusihi uanze nayo.

Kisha tafuta Katiba ya mwaka 1977. Usiisome mfululizo, utachoka. Fungua Ibara ya 62: Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Niliirudia mara tatu, maana shuleni nilikariri kwamba Rais ni Serikali na Bunge ni kitu kingine. Ruka hadi Ibara ya 97, uone kwamba muswada uliopitishwa na wabunge hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Hapo ile ya 62 inaeleweka. Ukifika 145 na 146, zinazohusu serikali za mitaa na kupeleka madaraka kwa wananchi, umerudi palepale chini ya mwembe.

Vitabu vya nadharia utavisoma, na ni muhimu. Lakini kwanza chagua muswada mmoja unaogusa maisha yako, ufuatilie kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, tangu usomwe mara ya kwanza. Utajifunza mengi kuliko kwenye mijadala ya redioni.

Na kabla ya yote, nenda ofisi ya kijiji, au ya mtaa kama uko mjini, uulize mkutano ujao ni lini. Kijijini unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Chukua daftari. Taarifa ya mapato na matumizi ikianza kusomwa, watu wengi huinuka kuondoka. Wewe baki.