Jaketi la mvua la baiskeli: kuchagua la bei nafuu lisilokulowesha kwa jasho

Mkuu, umeuliza jaketi la kuendeshea baiskeli kwenye mvua, lisilo ghali, lisilopitisha maji lakini linalopumua, na umesema la sasa linakuacha umelowa ndani hata manyunyu yakiwa madogo. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua ununue nini. Jaketi la namna hiyo mara nyingi halivuji kabisa. Maji unayoyakuta ndani ni jasho lako mwenyewe.

Ukikanyaga pedali, takriban robo tu ya nguvu ambayo mwili unatumia inageuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Ukisukuma wati 150 mwili unazalisha joto la wati 450 au zaidi, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Anayepanda mlima kwa bidii anaweza kutoka jasho nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Sasa chukua jaketi lenye lebo ya upumuaji 10,000. Maana yake ni gramu 10,000 za mvuke kwa kila mita ya mraba kwa saa 24, yaani kama gramu 415 kwa saa. Hizo ni namba za maabara, kitambaa kikiwa kisafi na mazingira yamepangwa. Barabarani nje kumejaa unyevu, kitambaa kimelowa na begi limefunika mgongo, kwa hiyo kinachotoka ni pungufu sana ya hapo.

Utando wa jaketi, ile ngozi nyembamba ndani ya kitambaa inayozuia maji, hausukumi mvuke. Mvuke unasafiri wenyewe kutoka penye joto na unyevu mwingi kwenda penye ubaridi na ukavu, na tofauti hiyo ikiwa ndogo, hakuna kinachosogea. Ndiyo sababu mvua ikinyesha kwenye hali ya joto, jaketi la bei ya juu kabisa nalo litakuchemsha. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bajeti ikiwa ndogo, tafuta kwanza matundu ya hewa na mkato, kisha mishono, namba za lebo ziwe za mwisho. Jaketi la 10,000 lenye zipu ndefu za kwapani nalipendelea kuliko la 20,000 lililozibwa kila upande.

Matundu ya kutafuta ni haya. Zipu za kwapani, zisipungue sentimita 20 na ziwe zinafunguka kwa mkono mmoja, maana mwingine uko kwenye usukani. Zipu ya mbele ya njia mbili, inayofunguka pia kutokea chini. Mifuko yenye bitana ya wavu, kwa sababu ukiiacha wazi inaingiza hewa. Na mwanya mgongoni chini ya kifuniko. Huo wa mgongoni ni mzuri sana kwa aliyeinama, kwani hewa inaingia kifuani na kutokea nyuma, lakini ukibeba begi mgongoni umeuziba. Mwenye keria afunge mzigo huko.

Kuhusu namba zenyewe: ya kwanza kwenye lebo ni urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinahimili kabla hakijapenyeza. 5,000 inatosha manyunyu na safari fupi. 10,000 inatosha mvua kubwa, kwa sababu kwenye baiskeli hukalii jaketi wala hupigi nalo magoti. Shinikizo liko kwenye mikanda ya begi tu. 20,000 si mbaya, ila usikubali kukosa zipu za kwapani kwa ajili yake. Ya pili ni upumuaji, na hapa uwe makini: kuna njia kadhaa za kupima, na kitambaa kilekile kinaweza kupata namba ndogo kwa njia moja na kubwa sana kwa nyingine. Linganisha majaketi ya kiwanda kimoja, au yanayotaja njia moja ya kipimo. Baadhi wanaandika RET, yaani kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia mvuke kupita, ambacho kinasomwa kinyume: chini ya 6 ni bora sana, 6 hadi 13 ni nzuri, ikizidi 20 jaketi linapumua kidogo sana.

Watu hupuliza kitambaa kwa mdomo wakidhani wanapima upumuaji. Upumuaji haupimwi hivyo, kwani kitambaa kinaweza kuzuia upepo kabisa na bado kikapitisha mvuke vizuri. Ukiwa na majaketi mawili mkononi, fanya hivi: weka maji ya moto nusu kikombe, tandaza kitambaa juu ya mdomo wa kikombe, upande wa ndani ukiangalia maji lakini usiyaguse, kaza kwa mpira, kisha funika kwa glasi kavu na baridi. Glasi itaingia ukungu baada ya dakika chache. Rudia kwa jaketi la pili, maji yakiwa na joto lilelile, uone ipi inaingia ukungu haraka.

Majaketi mengi ya bei nafuu ni ya tabaka mbili na nusu: kitambaa cha nje, utando, na rangi nyembamba iliyochapwa ndani kuulinda. Ni mepesi na yanakunjika kuingia mfukoni, ila yananata kwenye ngozi tupu. Vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu ndani na kero hiyo inapungua sana. Ya tabaka tatu yana kitambaa laini ndani, yanadumu zaidi, na ni ghali zaidi.

Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje ufuate kila mshono kwa kidole. Kuna majaketi yaliyotiwa tepu ya kuziba mishono mabegani na shingoni tu, na lebo bado inaandika kwamba hayapitishi maji. Kwenye baiskeli mvua inakupiga kifuani na mbele ya mikono, kwa hiyo taka tepu kwenye mishono yote. Halafu livae, uiname kama umeshika usukani. Mikono ifike kifundo cha mkono bila kuvutika, mgongo ufunike kiuno na sehemu ya makalio, tumbo lisijae kitambaa kama mfuko wa upepo, na kola ifunge vizuri bila kukukaba. Kofia ikiwepo, ikae chini ya helmeti na igeuke pamoja na kichwa. Ile kubwa ya kuvalia juu ya helmeti inakamata upepo na kukuzuia kuona nyuma ukigeuza shingo. Isiyo na kofia kabisa ni chaguo zuri.

Sasa jambo ambalo naona linaua majaketi mengi mazuri. Kitambaa cha nje kinapakwa dawa ya kufukuza maji, ile inayofanya matone yaviringike na kudondoka. Kwenye lebo huandikwa DWR. Ikichoka, kitambaa cha nje kinanywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi, mvuke unakosa njia ya kutoka, unageuka kuwa maji ndani. Mwenyewe anasema jaketi limeanza kuvuja, analitupa, kumbe utando ni mzima. Nalo lako nalishuku hivyo. Lijaribu leo: nyunyizia maji mabegani na mgongoni. Yakitanda na kitambaa kikabadilika rangi kuwa nyeusi zaidi, dawa imechoka au imefunikwa na uchafu.

Tiba yake si ghali. Funga zipu na velkro zote, fua kwa sabuni maalumu ya maji ya nguo za mvua (Nikwax na Grangers wanatengeneza), suuza mara mbili. Sabuni ya kawaida ikibaki kwenye kitambaa inavuta maji. Dawa ya kulainisha nguo na bleach usiguse kabisa. Kisha, lebo ikiruhusu, likaushe kwenye mashine kwa joto dogo kama dakika 20, au lipige pasi ya vuguvugu bila mvuke ukiweka kitambaa katikati. Mara nyingi joto pekee linaiamsha dawa iliyokuwepo. Maji yakiendelea kunywewa, nunua dawa mpya ya kupulizia, upulizie jaketi likiwa bado bichi, ukikazia mabega na mikono. Dawa za kizazi kipya zisizo na florini zinashindwa haraka na mafuta ya mwili na grisi, kwa hiyo majaketi yenye dawa hizo yanataka kufuliwa mara nyingi zaidi, si mara chache. Na funga madigadi. Matope ya gurudumu la nyuma yanauchosha mgongo wa jaketi kuliko mvua yenyewe.

Ukitafuta la mitumba, angalia ndani ya kola na chini ya kwapa. Utando ukiwa unabanduka magamba au unanata vidoleni, liache, halitengenezeki. Tepu iliyonyanyuka pembeni pekee huwa inarudi kwa pasi ya moto mdogo. Jaketi la kupanda milima nalo linafaa, mara nyingi lina zipu za kwapani, ila mgongo wake ni mfupi.

Namna ya kuvaa nayo inahesabika. Ndani weka poliesta nyembamba au sufu. Pamba inashika jasho na kukupoza. Anza safari ukihisi kaubaridi kidogo. Fungua makwapa kabla ya kuanza mlima, kwa kuwa ukishalowa ndani, kukauka huku mvua inanyesha ni kazi. Mikono yako ikiteremka kuelekea usukani, maji yanashuka nayo, basi mkono wa jaketi uwe juu ya glavu, si ndani yake.

Kama safari zako ni fupi, polepole, na unakaa wima, fikiria pia poncho ya baiskeli yenye vitanzi vya kushika dole gumba. Hewa inapita chini yote na jasho halina pa kukaa. Kwenye upepo mkali inasumbua, hapo jaketi linashinda.