Kabla hujakigandamiza kioo cha metali

Kipande changu cha kwanza cha kioo cha metali, yaani metali iliyoganda bila fuwele, kilikuwa kijiti kifupi cha aloi ya zirkoni, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Nilikiweka kwenye mashine ya kugandamiza. Nilikuwa nimezoea shaba na chuma, metali zenye adabu ya kuaga: zinavimba ubavuni, mstari wa grafu ya nguvu unaanza kulala, unajua mwisho umekaribia. Hiki hakikuaga. Grafu ilipanda imenyooka mpaka kijiti kikafupika kwa asilimia 2 hivi, halafu kishindo, cheche, na nusu ya kijiti haionekani. Niliiokota siku tatu baadaye chini ya kabati. Basi miwani kwanza, na ngao ya mashine ifungwe. Mengine yanafuata.

Metali ya kawaida ina fuwele, na atomi zake huteleza kwa zamu kwenye safu zilizopangika. Kioo cha metali hakina safu hizo. Cha kwanza, cha dhahabu na silikoni, kilitengenezwa katika chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 1960 kwa kupoza kimiminika haraka mno, kiasi cha nyuzi milioni kwa sekunde, hata atomi zikaganda kabla hazijajipanga. Ukikikaza, vikundi vidogo vya atomi hujisogeza pamoja, pale paliposogea panalegea, na palipolegea ndipo panapoendelea kusogea. Mwishowe mtelezo wote unakusanyika kwenye ukanda wenye unene wa nanomita 10 hadi 20. Sehemu nyingine yote ya kijiti imetulia tu, kama haihusiki.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilibandika kipimajoto ubavuni, kikasoma ongezeko dogo sana, nami nikaandika kwamba kioo hiki hakipati moto. Nilikuwa nimepima wastani wa kijiti kizima, ilhali kazi yote ya mtelezo ilikuwa imemwagwa kwenye utando mwembamba namna ile. Kamera ya infraredi nayo ina udhaifu huohuo, kwa kuwa joto la ukandani huenea na kufifia kabla kamera haijawahi kuliona.

Dawa yake ni ya watafiti Lewandowski na Greer, waliyoitoa mwaka 2006: paka utando mwembamba wa metali ya bati (tin) juu ya kipande, kisha kivunje. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na wao walilikuta limejikunja kuwa vishanga vidogo kandokando ya kanda za mtelezo. Ni kipimajoto chenye kumbukumbu. Joto limeshaondoka, alama imebaki.

Ila ukiviona vishanga usikimbilie kusema joto ndilo lililoanzisha mtelezo. Mtelezo huanza kwa kulegea kwa mpangilio wa atomi, joto linafuata, na ukanda ukishateleza mbali joto hulainisha zaidi. Cheche nazo zisikudanganye: zirkoni mpya iliyofunuliwa huungua ikikutana na oksijeni, kwa hiyo mng'ao ule si joto la ukanda.

Kuhusu kipande chenyewe, urefu uwe mara mbili ya kipenyo, na ncha mbili ziwe sambamba kabisa. Niliwahi kujivunia grafu ndefu ya kupendeza, kumbe ncha moja ilikuwa imekaa upande. Mtelezo ulikuwa unabanwa na bamba la mashine, nami nikauita unyumbufu wa aloi. Kata kwa msumeno wa almasi wa mwendo wa pole wenye maji ya kupoza, maana kikipata moto mwingi kinaota fuwele na kuwa chepesi kuvunjika. Kipige eksirei uhakikishe hakina fuwele kabla ya kukivunja, si baada ya matokeo ya ajabu kama nilivyofanya mimi. Mashine iwe ngumu pia. Fremu laini hujipinda kama upinde, na nguvu iliyojiwekea huimwaga yote ukandani mara tu mtelezo unapoanza.

Bati lenyewe paka upande mmoja tu. Ule mwingine uung'arishe uuache wazi, ili chini ya hadubini uone ngazi za kila ukanda na ujue kishanga kipi ni cha mtelezo upi.