Ombi la Fedha za Ukarabati Likirudishwa, Anzieni Kwenye Ufa

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini ombi la kamati yao ya shule limerudishwa mara ya pili, ilhali "kila mtu anaona madarasa yamechoka". Jibu limo humo humo kwenye swali. Hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuchoka.

Kwanza tenganisheni kazi. Ukarabati mdogo kwa kawaida hutoka kwenye matumizi ya kawaida. Kujenga upya huingia bajeti ya maendeleo. Ukichanganya vitasa vya milango na kubomoa jengo katika barua moja, ofisi mbili zitarushiana jalada hadi mwaka wa fedha uishe. Andikeni maombi mawili, na yafike wakati makadirio yanaandaliwa, si baada ya bajeti kupitishwa.

Sasa ufa, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Picha ya ufa peke yake haimwambii mhandisi kitu. Chora kwa penseli mstari unaokatiza ufa, andika tarehe pembeni, pima upana kwa milimita, kisha rudi kila baada ya wiki mbili, na hasa baada ya mvua kubwa. Ukikaa milimita 1 miezi mitatu, hiyo ni kazi ya plasta. Ukitoka 3 ukafika 6, ukiwa umekata mshazari kutoka pembe ya dirisha na kupanuka kwa juu, mara nyingi msingi unatitia upande mmoja. Jedwali la vipimo hivyo, ukurasa mmoja tu, lina uzito kuliko barua tano za malalamiko. Na kama ukuta umeinama au kenchi ya paa imekatika, toeni watoto kwanza, vipimo vitasubiri.

Kisha tafuteni chanzo. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 80 likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 2,400, na pasipo mifereji zote zinaangukia kando ya msingi. Kuziba ufa na kuacha maji hayo ni kutupa fedha za umma. Ombi litaje mifereji, mitaro na dawa ya mchwa kabla ya rangi. (Rangi! Kila kamati inaitaka rangi, kwa sababu mgeni rasmi huiona.)

Makadirio yaandikwe kwa vipimo. "Sakafu ya darasa" haitoshi. Andikeni: mita 9 kwa 7, unene sentimita 10, yaani zege mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni takribani mifuko 40 ya saruji ya kilo 50. Mabati yatajwe geji, yaani namba ya unene, na mkumbuke namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Wekeni fungu la dharura la asilimia 5 hadi 10, na muambatishe hati ya umiliki wa ardhi. Jengo jipya kwenye kiwanja chenye mgogoro halipati fedha.

Fedha zikija, msilale. Fundi akimwaga sakafu, hesabuni mifuko mitupu jioni ile ile. Ikiwa 25, mnajua kilichopungua kabla zege halijakauka. Zege limwagiwe maji siku 7 angalau. Likiachwa juani kesho yake litapasuka na kutoa vumbi mwaka mzima. Mkandarasi alipwe kwa kazi iliyopimwa, na mkataba uzuie sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kukamilika, kiishe. Kipindi hicho kiwe na msimu mmoja wa mvua ndani yake. Siku mvua inanyesha, ingieni darasani mkatazame dari, kisha ndipo mtie sahihi ya kuachia malipo yaliyozuiwa.