Kitunguu saumu kwenye ndoo: baridi iache, shughulika na maji

Mkuu, umeuliza kama uingize ndani ndoo zako za kitunguu saumu kabla udongo haujaanza kuganda. Usiingize. Mwaka wangu wa kwanza niliingiza, nikawa nazichungulia kila asubuhi utadhani nimelaza kuku. Majani yakarefuka, yakalegea, yakalala. Siku ya kung'oa nikatoa vibonge vya mviringo visivyogawanyika hata kidogo. Nilipanda punje 12, nikavuna vibonge 12. Vinalika, lakini hiyo si faida.

Kitunguu saumu hakigawanyiki vizuri bila kupata baridi: wiki 6 hadi 8 hivi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Aina za shingo ngumu, zile zinazotoa bua katikati, ndizo zinazoidai zaidi. Sebule yenye hita inazinyima kitu zinachokitaka.

Mwaka wa pili nikaacha nje, nikaharibu upande mwingine. Nilikuwa nimeweka sahani chini ya kila chombo. Mvua ikazijaza, maji yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena. Nilipofukua nikakuta punje zimekuwa uji, harufu yake sitaki kuikumbuka. Chungu kimoja cha udongo kikapasuka vipande viwili, maana maji yakigeuka barafu hutanuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ardhini baridi hushuka kutoka juu, polepole. Ndoo hupigwa pande zote: mchana jua linaiyeyusha, usiku inaganda. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakokata mizizi na kuisukuma punje juu mpaka unaikuta imelala juu ya udongo. Kwa hiyo hutafuti joto. Unachotafuta ni ndoo ikae katika hali moja, na isituamishe maji.

Sasa natumia ndoo za plastiki nene na masanduku ya mbao, kina sentimita 30, matundu ya kutosha chini, sahani hakuna. Udongo mwepesi uliochanganywa na mboji. Napanda wiki 4 hivi kabla ya ardhi kuganda, mizizi ipate kushika. Nachagua punje kubwa tu (ndogo zinaishia jikoni), kitako chini, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 10 hadi 12. Vijani vikichomoza kabla ya theluji usihangaike navyo.

Kisha navipandisha vyombo juu ya matofali ili maji yatoke, navibananisha pamoja kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana, vidogo katikati. Pembeni nazungushia magunia yaliyojazwa majani makavu, juu natandaza nyasi kavu sentimita 10. Baridi ikichachamaa kupita kiasi navisogeza kwenye stoo isiyo na hita, ikilegea navirudisha nje.

Jambo moja wengi hulisahau: ukame upo hata ndani ya baridi. Upepo mkavu hunyonya udongo wa ndoo haraka. Siku udongo umeyeyuka nachomeka kidole, nikikuta pakavu namwagia kidogo asubuhi. Ukiwa umeganda siugusi.

Machipuko yakifika naondoa nyasi kidogo kidogo, naweka mbolea yenye naitrojeni majani yanapoanza kukimbia, halafu naacha kuiweka vichwa vikianza kuvimba. Bua likijikunja kama mkia wa kinyonga, kata ukakaange, ni tamu. Maji nayasimamisha kama wiki 2 kabla ya kuvuna. Ng'oa vitunguu pale theluthi ya majani, yale ya chini, inapokuwa imeshakauka. Kila jani ni ganda moja la kichwa, kwa hiyo ukisubiri yote yakauke utakuta vichwa vimefumuka. Anika kivulini penye hewa wiki 2 hadi 4.

Mbegu usichukue zile za kupikia dukani. Nyingine zimetiwa dawa zisichipue, nyingine zimetoka sehemu zisizojua baridi, na zinaweza kuja na ugonjwa. Udongo wa ndoo nao usiurudie kwa vitunguu vya aina yoyote. Uozo mweupe, ugonjwa wa kuvu unaoozesha vitunguu, ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka mingi.

Ndoo zako zina kina gani, na umeshatoboa chini?